Tovuti ya Kihamba Chetu Sasa Inafunguka

Njoro, Moshi
21 Septemba 2003

Mpendwa mwanangu Kindness,

Bwana asifiwe. Shikamoo yako ya kwenye simu niliipokea, na hapa narudia kwa kalamu: marahaba, marahaba sana. Hujambo? Kile kikohozi kimekuachia? Na unakula, au bado unashindia mkate na chai kama mgonjwa? Usinijibu kwa kunifurahisha. Nimekuogesha mimi huyu ukiwa mdogo, najua ukisema "niko sawa, Shangazi" maana yake ni nini.

Sisi huku hatujambo. Baridi ya mwezi wa saba ilitubana kweli, lakini imepita. Baba Pamela yupo, bado anagombana na redio yake kila taarifa ya habari ikisomwa. Bibi yako miguu inamsumbua, ila mdomo hauna ugonjwa wowote. Tangu ashuke kutoka Mwika kuja kukaa kwangu awe karibu na hospitali, amenifundisha upya kupika mtori, kufua, hata kufunga mlango. Mimi, mwanamke wa miaka hamsini na ushee! Namshukuru Mungu kwamba bado ananigombeza.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia kwa mkono wakati kompyuta uliyonitumia iko hapa mezani, nzima, inaunguruma. Mwanangu, nimepiga taipu barua za watu maisha yangu yote ya kazi, na asante za kwenye mashine nazijua. Hii ya leo nimetaka uishike. Mchungaji wetu anakuja huko Norwei kwenye mkutano wao, nimemkabidhi barua hii pamoja na kahawa. Kahawa hiyo usiigawe ovyo kwa marafiki. Utaelewa mbele kwa nini.

Nataka nikushukuru vizuri, tangu mwanzo, maana kwenye simu ulinikatiza kila nilipoanza. Ukasema, "Si kitu, Shangazi." Si kitu! Hebu tulia nikueleze ulichofanya.

Unajua baba yako mdogo Filemon, goti lilipomkatalia kupandisha wageni mlimani, alirudi kukaa kihambani Mwika, kwenye shamba letu la ukoo, na mkewe Theodora. Kahawa ikawa haina bei. Majirani kushoto na kulia wakawa wanang'oa mibuni na kupanda nyanya. Wewe ndiye uliyekuja na wazo kwamba, kama yeye hawezi tena kuwapeleka wageni mlimani, basi wageni wamfuate yeye shambani: walale nyumbani, wachume kahawa, waikoboe, waitwange, waikaange, wainywe. Ukatutengenezea tovuti, ukanitumia na kompyuta ili niwe nasoma maombi yao kwa sababu huku kwangu kuna laini ya simu. Na kweli, mwaka wa kwanza walikuja. Filemon akaanza kucheka tena, na wewe unajua Filemon akicheka mpaka ng'ombe anasimamisha masikio.

Mwaka huu, kuanzia mwezi wa kwanza, kimya. Hakuna hata mmoja. Mwezi wa tatu Filemon akanunua sululu. Hakumwambia mtu, Theodora ndiye aliyeniambia. Alipokuja mjini nikamuuliza, akajibu bila kunitazama kwamba mwaka huu usipoleta wageni, mavuno yakiisha anang'oa, na ataanza na mstari wa juu kwa sababu uko karibu na mfereji, nyanya zinataka maji. Sikuweza kumlaumu. Ana watoto wanaokula kila siku, kahawa hailiwi.

Lakini mstari wa juu, Kindness! Ile ni mibuni aliyoipanda baba yako. Bibi yako alisikia, yeye ambaye hajawahi kukosa neno la kujibu. Alikwenda kulala mchana. Hapo ndipo nilipoogopa.

Basi nikaikalia hiyo kompyuta. Nikifungua tovuti yetu, kioo cheupe. Nasubiri. Unatokea ukingo wa picha mwembamba kama uzi, halafu basi, inakaa. Nikienda kuweka maharage jikoni nikirudi, umeongezeka uzi wa pili. Zamani ilikuwa haifanyi hivyo. Nikasema ni mvua imeingia kwenye waya wa simu. Nikamleta fundi wa waya, akapanda, akashuka, akasema waya ni mzima. Nikasema ni uzee wa kompyuta. Nikaipeleka kwa fundi mwingine mjini, akaitazama kwa huruma kama daktari, akaniambia ina virusi. Akakaa nayo mpaka nikasahau sura yake. Iliporudi ilikuwa safi, imefutwa hata vumbi, na tovuti yetu bado ni ule uzi.

Mficha uchi hazai, nikakuandikia. Nilitegemea utaniambia uko kwenye mitihani. Ulikuwa kwenye mitihani, na bado ukapiga simu jioni ile ile. Na swali lako la kwanza likaniaibisha: "Shangazi, tovuti nyingine zinafunguka?"

Nyingine? Nyingine za nini? Mimi tangu nimepata kompyuta nilikuwa nafungua ya kwetu tu, kama mtu mwenye ufunguo wa nyumba yake. Na kwa vile simu na intaneti vinatumia waya mmoja, ikabidi tukate, nijaribu, nizime, halafu wewe upige tena. Nikafungua gazeti. Ikafunguka kabla sijameza chai! Nikafungua la pili, vivyo hivyo. Ulipopiga nilikuwa nimekasirika kweli. Mtandao unawahudumia watu wote wa dunia, sisi tu ndio unaotusubirisha.

Ukaniambia tusiishie hapo, huenda kuna zaidi ya kosa moja. Ukaniuliza kompyuta imekaaje. Nikakueleza kwa fahari kwamba nimeitunza, nimeifunika kitambaa nilichokifuma mwenyewe, cheupe, chenye maua pembeni, kama nilivyofunika redio, televisheni na makochi. Ulicheka mpaka nikaweka simu mbali na sikio. Sasa mimi ningejuaje kwamba inapumulia kwa nyuma? Kitambaa nimekitoa. Makelele yamepungua kweli, na Bibi yako amekichukua, ameweka juu ya Biblia. Ukanifundisha pia kuifutisha zile kurasa za zamani inazozilimbikiza, na kufunga vitu nilivyokuwa nimevifungua bila kujua kuvifunga. Kompyuta ikawa nyepesi. Tovuti yetu, uzi.

Nikaenda kuijaribu kwenye kompyuta za kulipia mjini, kama ulivyoniagiza. Uzi. Nikakuambia, ukasema, "Basi mgonjwa si kompyuta yako, Shangazi. Mgonjwa ni tovuti yenyewe."

Na hapa ndipo ninapotaka kukushukuru kwa kalamu nzito. Kwako chuoni tovuti ilikuwa inafunguka mara moja, kwa kuwa mtandao wenu huko una nguvu. Ungeweza kuniambia, "Kwangu iko sawa," na habari ikaishia hapo. Watu wengi wangefanya hivyo, na wasingekuwa wamesema uongo. Wewe ukafunga safari kwenye theluji kwenda kwa yule bibi kizee rafiki yako mwenye kompyuta nzee na laini ya simu kama yangu, ukakaa sebuleni kwake, ukaifungua tovuti yetu kama atakavyoifungua mgeni, ukasubiri kama nilivyosubiri mimi. Sijui kama unajua, lakini baba yako alikuwa hivyo hivyo. Ukimwambia mzigo ni mzito, haanzi kubisha, anaubeba kwanza.

Ukarudi na jibu: picha.

Sasa mwanangu, ile habari ya picha usimcheke mtu, maana ni ukoo mzima. Krismasi iliyopita, kama kawaida, watu walipanda nyumbani kutoka Dar, Mwanza, Tarakea na wapi. Siku ya mbuzi, wakati nyama inagawiwa, mtu mmoja akasema kihamba chetu kinaonekana dunia nzima. Nani alikula tena? Kila nyumba ikataka kuonekana. Pamela alikuwa na kamera mpya ya ofisini kwao, akapiga. Alipouliza kama baadhi waende ukurasa wa ndani, ikawa vurugu. Ukurasa wa ndani ni wa nani? Kwenye nyama, aliyekuja kutoka mbali na aliyekaa jirani kila mtu ana fungu lake, hakuna anayeambiwa akalie jikoni. Basi wote wakawekwa mlangoni, picha nzima nzima, kubwa kama zilivyotoka kwenye kamera, na Babu Eliakim, kaka mkubwa wa marehemu babu yako, juu kabisa kwa sababu ndiye mkuu wa ukoo. Pamela alizipandisha zote kutoka ofisini kwake Dar, huko ambako hakuna anayesubiri. Mimi mwenyewe nilimwagiza asimpunguze mtu.

Kwa hiyo mgeni maskini akibisha hodi, badala ya kuiona kahawa anaanza kupokezwa ukoo mzima, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja anapita mlangoni na mbuzi wake mzima mabegani. Nani atasubiri?

Ulisema dawa ni ndogo: kila picha ipunguzwe iwe ndogo hapo mlangoni, na anayetaka kumwona mtu vizuri abonyeze, imfungukie kubwa ndani. Hakuna anayefukuzwa. Nikakuambia hiyo kwako ni dawa ndogo, kwangu ni kesi ya ukoo. Uligoma kugusa picha ya mzee bila ruhusa yake, na nilikupenda zaidi kwa hilo. Kukulia ugenini hakujakutoa adabu.

Filemon akamleta Babu Eliakim mjini siku ya kliniki, akapita kwangu. Nikampa chai na kiburu cha ndizi na maharage, nikamweleza kwa upole wote nilionao, ambao unajua si mwingi. Akakataa. Alisema yeye alishakuwa mdogo zamani, hana haja ya kurudia. Nikaona maneno hayasaidii. Nikamwambia, "Sawa Baba, basi karibu ujitazame." Nikamwekea kiti mbele ya kompyuta, nikabonyeza.

Kwanza ilikuja kofia. Kile kipande cha juu tu. Akafurahi, akasema, "Ndiyo yangu." Tukasubiri. Ukaja ukingo wa kofia. Tukasubiri. Chai ikapoa, nikamwongezea nyingine. Likaja paji la uso, likakatika katikati ya nyusi, likakaa hapo. Babu anajitazama nusu, Filemon anatazama dari asicheke, na Bibi yako kwenye kochi anamuuliza kama macho yake yanakuja kwa miguu kutoka Mwika. Kwenye macho mzee alikuwa amesinzia. Akashtuka, akakuta pua. Akasimama, akavaa kofia yake halisi, akasema maneno ambayo sasa ukoo mzima unayajua: "Nipunguze. Lakini nibaki wa kwanza."

Yeye akishakubali, nani mwingine wa kukataa? Ukapunguza. Najua ulifanya picha moja moja, baada ya mitihani, usiku wenu wa majira ya joto ambao mnasema jua halizami vizuri. Mwezi wa sita ukapiga simu ukaniambia, "Jaribu, Shangazi." Nikakata simu, nikaunganisha, nikabonyeza, nikainuka kwenda jikoni kwa mazoea. Sikufika mlangoni. Bibi yako akapiga kelele kwamba wamekuja wote! Nikageuka, wamekaa kwenye kioo kama nyama ya Krismasi kwenye majani ya mgomba, kila mtu na fungu lake dogo, Babu Eliakim wa kwanza na kofia yake, na chini yao mibuni, na maneno ya kuwakaribisha wageni yanasomeka. Nililia, mwanangu. Sioni aibu kusema.

Haikupita muda akaandika mwalimu mmoja mwanamke wa Uholanzi. Alisema alikuwa amefungua tovuti yetu mwezi wa tatu, akainuka kwenda kutengeneza kahawa, akarudi bado haijafunguka, akaifunga. Hebu fikiria: kahawa yetu ilimkosa kwa sababu alikwenda kutengeneza kahawa! Safari hii alijaribu tena, ikafunguka, na mwezi wa nane akaja yeye na walimu wenzake. Wakachuma, wakakoboa, wakapiga picha kila jani. Theodora aliwapikia machalari ya ndizi na nyama mpaka wakaomba kufundishwa. Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga hawakukosea. Kuna wengine wanakuja mwezi wa kumi na mbili, na hao wameambiwa waje wamejiandaa, maana watakutana na ukoo mzima bila kupunguzwa.

Na sululu? Filemon ameichimbia shimo la choo cha wageni. Jumamosi iliyopita nilipanda Mwika nikamkuta mstari wa juu, ana mkasi wa kupogolea, anasafisha mibuni tawi kwa tawi. Hakuniambia kitu kuhusu yale maneno ya mwezi wa tatu, nami sikumkumbusha. Alinionyesha tu machipukizi. Kahawa anayokuletea Mchungaji imechumwa kwenye mstari huo huo, ndiyo maana nimekuambia usiigawe ovyo.

Lipo jambo moja la mwisho. Kwenye simu hatukuliongea, na sikutaka kukuliza mbali na watu.

Krismasi ile, watu walipokuwa wanapigwa picha, Bibi yako aliingia chumbani, akafungua sanduku lake, akatoa picha ambayo hata mimi sikujua ipo. Eliudi, baba yako, kijana, shati limetoka kwenye suruali, jembe mkononi, anacheka na aliyeshika kamera. Nyuma yake ni mstari wa juu, miche bado inafika magotini. Bibi anasema siku ile wewe ulikuwa tumboni kwa mama yako. Alisema, "Na huyu naye ana fungu lake." Tukaichukulia nakala mjini, Pamela akaiweka chini kabisa, mahali pa waliotutangulia. Na kwa kuwa tovuti ilikuwa haifunguki, hakuna aliyewahi kusubiri mpaka kufika kwake. Hata wewe huko kwenu ulikuwa unaona kofia ya Babu, unacheka, unafunga.

Siku ile unanihesabia picha zilizokuwa zinatuzuia, jina baada ya jina, ukafika mwisho, ukanyamaza. Nilidhani laini imekatika. Nikaita, "Haloo, haloo, Kindness!" Halafu nikakusikia unapumua, na nikajua umemwona. Samahani mwanangu kwamba sikukuambia mapema. Nilitaka umkute mwenyewe.

Sasa nimegundua ulichofanya. Umepunguza watu wote, na mkuu wa ukoo hakupona. Baba yako peke yake umemwacha alivyo. Wengine wote wanafunguka mara moja, halafu kule chini anakuja yeye polepole, nywele kwanza, kisha macho. Bibi yako kila jioni ananiambia nimfungulie, anavuta kiti, anakaa. Juzi nikamwambia, "Mama, nitamwambia Kindness ampunguze na huyu, aje haraka." Akanipiga kikofi mkononi. Akasema, "Mwache. Huyo nimezoea kumsubiri."

Basi mwache hivyo hivyo.

Bibi yako anakusalimu, anasema uvae soksi. Filemon na Theodora wanakusalimu, pamoja na Babu Eliakim, ambaye anauliza kama huko Norwei watu wanamwona. Mwambie ndiyo. Baba Pamela na Pamela nao wanakukumbuka. Nisalimie yule bibi kizee mwenye kompyuta nzee, mpe vikombe vichache vya kahawa hii, yeye ana haki nayo.

Mungu wa babu zako akulinde kwenye baridi hiyo, akupe kazi njema na mtu mwema, na akurudishe kwetu ukiwa mzima, uione mibuni kwa macho yako. Kwa Kichagga asante ni neno moja dogo, nalo sijapata kulisema nikilimaanisha kuliko leo: aika, mwanangu. Aika.

Ni mimi shangazi yako nikupendaye sana, na nitakugombeza usipojibu,

Elinipendo